Mwanapunda Yu Tayari Lini?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Juma hili twajibu swali lililotufikia kutoka kwa mama mmoja wa kisiwani Lamu. Riziki ya nyumba yake hupitia mgongoni mwa punda. Punda jike waliyekuwa naye kwa miaka mingi amezeeka na hatua zake zimekuwa nzito. Mwanawe dume sasa ana umri upatao miaka miwili na nusu, na kwa kimo amekwisha kumfikia mamake. Mume wa mama huyu ni mchukuzi wa mchanga na mawe ya kujengea, naye ataka kumtia shogi mwanapunda huyo mwezi ujao. Kijana wao wa miaka 12 naye ataka kumpanda katika mashindano ya mbio za punda wakati wa Maulidi. Moyo wa mama hautulii, lakini asema hana hoja ya kumpa mumewe ila huruma, na huruma peke yake haijazi chungu. Auliza: mwanapunda hupandwa na kupakizwa lini, na mtu atajuaje?

Wasomaji wetu wa mijini, ambao mizigo yao huletwa na gari hadi mlangoni, huenda wakaliona swali hili kuwa la mbali. Lakini Lamu ya kale, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ina vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kupeana mabega. Gari haliingii humo. Simiti, mchanga, maji, magunia ya unga na taka za mji, vyote hupita kwa punda. Kwa familia kama hii, punda ni chombo cha kazi, ni akiba, na ni kiumbe chenye roho kilichowekwa mikononi mwao. Punda atunzwaye vyema aweza kuishi zaidi ya miaka 25. Uamuzi utakaokatwa mwezi ujao utakuwa na athari kwa miaka 15 au zaidi ya kazi yake.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: miaka miwili na nusu haijatosha. Wataalamu wa ustawi wa punda hushauri kwamba punda asipandwe wala asibebeshwe mzigo kabla ya kutimiza miaka minne. Na hata hiyo miaka minne ni mlango tu wa kuanzia, kwa uzito mdogo na kwa siku chache. Tutaeleza sababu zake, ili mama yetu apate hoja za kuweka mezani pamoja na huruma yake.

Sababu ya kwanza imo ndani ya mifupa. Mfupa wa mnyama mchanga hurefuka kupitia sehemu laini ya gegedu iliyo karibu na ncha zake. Sehemu hiyo ikikamilisha kazi yake hugeuka kuwa mfupa mgumu, na hapo urefu husimama. Jambo hili limechunguzwa sana kwa farasi, ambao ni jamaa wa karibu wa punda, na imeonekana kwamba mifupa haikomai yote kwa wakati mmoja. Ile iliyo karibu na kwato hutangulia, ikikomaa katika mwaka wa kwanza au karibu yake. Ya magoti hufuata, kiasi cha miaka miwili na nusu. Mgongo huwa wa mwisho kabisa: vipande vya uti wa mgongo huendelea kukomaa mpaka mnyama afikapo miaka mitano au zaidi. Na mgongo ndio hasa tunaoupakia.

Kwa hiyo kimo hudanganya. Mnyama aweza kuwa na miguu mirefu kama ya mamake ilhali mgongo wake bado ni wa mtoto. Akipakizwa wakati huo, havunjiki mbele ya macho yetu. Madhara huja polepole: mgongo hubonyea, viungo vya miguu huvimba, hatua hupinda, na punda ambaye angefanya kazi hadi uzeeni huanza kuchechemea akiwa na miaka minane au tisa. Mwenyewe husema punda huyu alizaliwa dhaifu, na hakumbuki tena mwezi ule alioanza kumbebesha.

Punda, zaidi ya farasi, huficha maumivu. Farasi aumiapo hutoka jasho, huruka na kupiga kwato. Punda husimama kimya, masikio yameinama, akala kidogo kuliko jana. Wengi wetu huuita unyamavu huo uvivu au ukaidi. Mara nyingi ni mwili unaosema hauwezi.

Sababu ya pili ni uzito wenyewe. Ushauri unaotolewa na wataalamu kwa punda mzima wa kimo cha kawaida ni kwamba mpandaji asizidi kilo 50. Tupime basi mizigo yetu kwa kipimo hicho. Mfuko mmoja wa simiti ni kilo 50. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, na mara nyingi punda hubebeshwa manne, mawili kila upande, ambayo hufika kilo 80 kabla ya kuhesabu shogi lenyewe. Mchanga uliolowa maji ya bahari ni mzito kuliko mkavu, na mchukuzi alipwaye kwa safari hushawishika kujaza shogi hadi ukingoni. Ikiwa mizigo hii humlemea punda mzima, itamfanya nini mwenye miaka miwili na nusu?

Sasa tuje kwenye swali la pili: mtu atajuaje umri? Nyumba nyingi hazina karatasi ya kuzaliwa kwa punda. Akina mama hukumbuka kwa matukio: alizaliwa Ramadhani ile, au wiki moja baada ya Idi. Kumbukumbu hizo ni njema na zatosha, ila tuzihesabu kwa makini. Mwaka wetu wa Hijria una siku 354 au 355, ambazo ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Mwanapunda aliyezaliwa Ramadhani, akifikisha Ramadhani ya nne baada ya ile, bado hupungukiwa na mwezi mmoja na nusu hivi kutimiza miaka minne ya jua. Tuongeze mwezi huo na nusu ndipo tuseme ametimiza.

Pasipo na kumbukumbu, tuyatazame meno. Punda, kama mtoto wa binadamu, huzaliwa na kukua kwa meno ya utoto, ambayo ni madogo na meupe, kisha huyabadilisha. Meno ya mbele, sita juu na sita chini, hubadilika jozi kwa jozi kutoka katikati kwenda pembeni. Jozi ya katikati hutoka kiasi cha miaka miwili na nusu, ya pili miaka mitatu na nusu, na ile ya pembeni miaka minne na nusu. Kwa punda, mabadiliko haya huweza kuchelewa kidogo kuliko kwa farasi. Kila jino jipya huhitaji miezi kadhaa hadi likutane na mwenziwe wa taya ya pili na kuanza kusagana. Basi kanuni iliyo rahisi ni hii: ukiona jozi ya katikati tu ndiyo mipya, huyo bado sana. Jozi ya pili ikishatoka yote na kukutana juu na chini, anakaribia au ametimiza minne. Na meno ya pembeni yakianza kuchomoza, hapo hakuna shaka kwamba minne imepita. Anayejua kumshika mdomo kwa upole aweza kutazama mwenyewe, na asiyejua amwombe mganga wa wanyama. Lamu yenyewe ina bahati katika jambo hili, kwani kituo cha kuwatibu punda kilichoanzishwa na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza mwaka 1987 kipo pale mjini, na kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwatibu punda bila malipo.

Umri na meno vikishapatana, hubaki nafsi ya mnyama. Wapo wanaoelewa neno kungoja kuwa ni kumfunga mwanapunda kamba pembeni mpaka siku ifike, kisha kumtupia mzigo kwa ghafla. Huko ni kungoja kubaya. Mifupa hupata nguvu kwa kutembea, na akili hupata utulivu kwa kuzoea. Miaka minne ni muda wa kufunza, nayo ina kazi ya kila mwaka.

Mwaka wa kwanza mwanapunda yu na mamake. Hunyonya hadi kiasi cha miezi sita, na katika muda huo huguswa na watu wa nyumbani: shingo, masikio, tumbo, na miguu yote minne ikiinuliwa mmoja mmoja. Mwaka wa pili hufundishwa kuvaa kamba ya kichwani, kuongozwa, kusimama akiambiwa, na kufungwa bila kujinyonga. Mwaka wa tatu huongozwa mjini, apite vichochoroni akipishana na watu, asikie ngoma, mashine za boti na watoto watokao chuoni. Kuelekea mwaka wa nne huwekewa kitambaa mgongoni, baadaye tandiko, kisha shogi tupu, kwa dakika chache kila siku. Atimizapo minne, shogi hutiwa mzigo mwepesi uliolingana pande zote mbili, kwa njia fupi, na siku ya pili yake apumzike. Mzigo kamili wa punda mzima usubiri hadi apite miaka mitano, mgongo wake ukomae.

Katika kila hatua, mnyama mwenyewe hutoa jibu. Aliye tayari husimama akitandikwa, masikio yakitembea huku na huku, na huanza kwenda bila kupigwa. Asiye tayari hukakamaa, hukunja mkia, huyumba mgongo uwekewapo kitu, au hugoma kwenda mbele. Huyo arudishwe hatua moja nyuma kwa wiki kadhaa. Fimbo itamfanya aende, lakini haitamfanya awe tayari.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Katika Surat An-Nahl, Mwenyezi Mungu ametaja farasi, nyumbu na punda pamoja, kuwa amewaumba ili tuwapande na wawe pambo. Ruhusa ya kuwapanda basi ipo wazi, na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alipanda punda. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Imepokewa katika Sunan Abu Dawud kwamba aliingia katika shamba la mtu mmoja wa Ansari, akamkuta ngamia aliyelia na kutokwa na machozi alipomwona. Mtume akampapasa hadi akatulia, akamwita mwenyewe, akamkumbusha kumcha Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, kwani ngamia yule amemshtakia kwamba humshindisha njaa na kumchosha kwa kazi. Na katika Sahih Muslim, Bibi Aisha (R.A.) alipompanda ngamia mgumu asiyetii, akawa amvuta huku na huku, Mtume alimuelekeza kwenye upole.

Lipo pia jambo lihusulo hasa swali letu, nalo halisimuliwi mara nyingi. Mtume (S.A.W.) aliandaa mbio za farasi Madina, na ameeleza Abdullah bin Umar (R.A.), aliyekuwa miongoni mwa washindani, kwamba mbio zile zilikuwa mbili. Farasi waliokwisha tayarishwa kwa lishe na mazoezi walikimbia kutoka Al-Hafya hadi Thaniyat al-Wadaa, umbali uliokadiriwa kuwa maili tano au sita. Wale ambao hawakutayarishwa walikimbia kutoka Thaniya hadi msikiti wa Banu Zuraiq, kiasi cha maili moja tu. Na katika mapokezi ya Abu Dawud, farasi waliokomaa, wale wa mwaka wa tano ambao meno yao yamekamilika, ndio waliowekewa mwisho wa mbali zaidi. Ona, mama yetu, jinsi umri, meno na maandalizi vilivyozingatiwa. Mwenye kupima uwezo wa mnyama kabla ya kumtwika anafuata njia iliyokwisha kupitwa.

Waarabu waliowafuga farasi kwa karne nyingi walikuwa na jina kwa kila mwaka wa umri wake, hadi pale meno yanapokamilika. Hata leo, katika shule mashuhuri ya upandaji farasi iliyoko Vienna, Austria, farasi wa Lipizzaner huanza mafunzo ya kupandwa wakiwa na miaka kama minne, na wako waendeleao na kazi hadi wapite miaka 20. Tofauti na hao, farasi wa mashindano ya kibiashara huko Ulaya na Marekani hukimbizwa wakiwa na miaka miwili, kwa sababu fedha iliyowekwa kwao haitaki kungoja, na wengi kazi yao ya mbio huisha mapema.

Nasi twajua kwamba fedha ya mchukuzi wa Lamu pia haitaki kungoja, na kwa sababu iliyo nzito zaidi: ni chakula cha watoto. Hatutamwambia baba huyu kwamba subira haina gharama. Mwaka mmoja na nusu ni muda mrefu. Yapo, hata hivyo, ya kufanya. Aweza kukodi punda mzima wa jirani kwa siku zenye kazi kubwa na kugawana ujira. Aweza kushirikiana na mchukuzi mwingine, mmoja akitoa punda na mwingine akitoa nguvu za kupakia na kushusha. Kule ufuoni, njia inapopana, mkokoteni wa mkono waweza kubeba sehemu ya safari. Punda jike mzee apewe mizigo midogo na safari chache, asilipishwe deni la miaka ambayo mwanawe hajafika. Na tuzihesabu gharama za upande wa pili: punda aliyelemaa akiwa na miaka minane ni kulazimika kununua mwingine, ilhali huyu angewafaa miaka kumi mingine.

Ipo methali tunayoisema kwa mazoea: punda afe, mzigo ufike. Huenda ilisemwa kwanza na mtu aliyekuwa na punda wengi. Mwenye mmoja akiifuata, mzigo hufika leo, na kesho hakuna wa kuubeba.

Kwako mama uliyetuandikia, twaongeza neno moja. Mashauri ya punda mara nyingi hukatwa barazani, lakini anayemwona punda alfajiri na magharibi ni wewe. Wewe ndiwe umpaye pumba na maganda, wewe ndiwe ujuaye leo amekula nini na jana alilala vipi. Huo ni ujuzi, nao una haki ya kusikilizwa. Usiusubiri wakati wa ghadhabu. Baada ya isha, watoto wakiwa wamelala, mwambie kwa heshima: baba watoto, tumtazame meno huyu pamoja, na tukamwulize mganga kabla ya mwezi kuandama. Ukimwalika mumeo kutazama, atakuwa na ushahidi mbele yake. Ukimkataza, atakuwa na mkewe tu wa kubishana naye.

Na kijana wako asirudi mikono mitupu. Mtoto asiyejua kupanda juu ya punda asiyejua kupandwa ni hatari kwa wote wawili, na katika mbio zenye umati hatari hiyo huongezeka. Mwambie: mwanangu, Maulidi haya utamshika kamba, utamtembeza pembezoni mwa watu ili azoee kelele za mashindano. Kazi ya kumfunza iwe yake: kumwinua miguu, kumwekea kitambaa, kumtazama meno kila baada ya miezi michache na kukuletea habari. Punda atakapopita minne, kijana wako atakuwa na miaka kama 14. Hapo wataanza wote wawili, kwa mwendo wa polepole ufuoni, na uzito wa kijana upimwe kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aipe nyumba hii riziki ya halali katika miezi ya kungoja, amrehemu punda mzee aliyewatumikia, na atujaalie sote kuwa wapole kwa viumbe alivyotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.